Ramani ya Isiolo Imesasishwa Mara Ngapi?

Gemu ya Europa Universalis IV inaanza tarehe 11 Novemba 1444. Unachagua nchi, unaachilia saa itembee, na miaka inapita mbele yako hadi 1821. Unaweza kuwa Ureno ukatafuta njia ya Bahari Hindi. Unaweza kuwa Uhabeshi. Unaweza pia kuwa Kilwa na ujipange kabla Wareno hawajafika. Hakuna mhusika wa kumkimbiza barabarani, hakuna bunduki ya kulenga. Unaangalia ramani masaa kwa masaa, unabofya, unangoja, unabofya tena. Kwa wanaoipenda, ramani ndiyo gemu yenyewe.

Ilipotoka Agosti 2013, kutoka studio ya Paradox mjini Stockholm, ramani hiyo ilikuwa na njia mbili za kunyamaza. Ya kwanza ni rangi nyeupe: nchi ambazo wewe bado hujazifikia. Nyeupe inafutika. Ukituma mpelelezi, pazia linafunguka. Ya pili ni kijivu, na kijivu hakifutiki. Ni ardhi ambayo gemu inasema haipitiki: haina mji, haina kodi, haina askari wa kuandikisha, na jeshi lako haliwezi kuikanyaga. Himalaya ni kijivu. Sehemu kubwa ya Sahara ni kijivu. Na mwaka ule wa 2013, ukitoka kwenye miji michache ya pwani ya Waswahili ukaelekea bara, ulikuwa unagonga kijivu hicho hicho karibu mara moja.

Miaka iliyofuata studio iliendelea kutoa masasisho, na ramani ikabadilika. Vijimbo vikubwa vikakatwa vipande vidogo. Falme za Maziwa Makuu zikatokea: Buganda, Bunyoro, Rwanda. Novemba 2021 likaja pakiti lililoitwa Origins, lililoipa Afrika mambo mengi ya kufanya. Mchezaji aliyekuwa amezoea Afrika tupu sasa alikuwa na majirani, vita na biashara ndani ya bara.

Lakini ukiangalia ni nani walipata rangi kwanza, kuna mpangilio. Buganda ina mfalme, makao makuu na jeshi la kuhesabika. Gemu inamwelewa mfalme. Haijui la kufanya na watu wanaotawaliwa na mkutano wa wazee, ambao nchi yao wanaihesabu kwa visima na njia za mifugo. Studio hiyo hiyo ilipotoa Victoria 3 mwaka 2022, ilijaribu kutatua jambo hili kwa kuyapa maeneo ya namna hiyo jina na rangi, ila huwezi kuyachagua na kuyacheza. Yapo pale yakingoja dola fulani iyachukue.

Hapa ndipo mtu wa Isiolo anaanza kusikia kitu anachokijua. Kaskazini mwa Kenya pamekuwa kijivu kwenye ramani halisi, kwa sheria zilizoandikwa na kupigwa mihuri. Na tofauti na gemu, kila sasisho la ramani hii liliwakuta watu na mifugo tayari wako ndani.

Toleo la 1907

Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ilipewa hati ya kifalme kufanya biashara na kutawala Afrika Mashariki. Mwaka 1891 Uingereza na Italia zikakubaliana kwamba Mto Juba utatenganisha maeneo yao. Mwaka 1895 kampuni ikatoka, serikali ya Uingereza ikaingia, na eneo likaitwa Himaya ya Afrika Mashariki. Mpaka hapo, kaskazini ilikuwa nyeupe tu. Hakuna ofisa aliyekuwa akikusanya kodi pale ambapo leo ni Isiolo.

Kilichobadilisha mambo ni Adwa. Mwaka 1896 Mfalme Menelik aliwapiga Wataliano, na majeshi yake yakateremka kusini hadi nchi ya Waborana. London ikaona kwamba bila mstari, Uhabeshi ungeweza kuendelea kushuka. Mwaka 1902 msafara wa Archibald Butter ukatumwa, akiwemo mpimaji Kapteni Philip Maud, na mstari alioupendekeza ukawa msingi wa mkataba uliotiwa saini Desemba 1907 kati ya Uingereza na Menelik.

Waborana hawakuwa mezani. Mstari ulipita katikati yao. Visima vingi vya kale vile virefu, ambavyo watu husimama ndani kwa ngazi wakipasiana maji huku wakiimba, vilibaki upande wa Uhabeshi. Malisho mengi ya kusini yakaja upande wa Waingereza. Moyale ikawa miji miwili yenye jina moja.

Mchezaji wa gemu anajua kinachotokea ukikata kijimbo kimoja kuwa viwili: kila kipande kinapata mwenyewe wake na hesabu yake. Mfugaji hana kipande. Ana mwaka, wenye msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, na misimu hiyo iko mahali tofauti. Ukimpa nusu ya ramani umempa nusu ya mwaka.

Toleo la 1934

Kufikia 1910 Waingereza walikuwa na wilaya waliyoiita ya Mpaka wa Kaskazini, yaani NFD, jina ambalo wazee wengi wanalitumia hadi leo. Kazi ya wilaya hiyo ilikuwa kuwa ukuta: kutenganisha mashamba ya walowezi wa nyanda za juu na Uhabeshi na Wasomali. Hakuna aliyeahidi shule wala reli.

Ramani iliendelea kusogezwa na watu wa mbali. Ili kuivuta Italia upande wao katika Vita vya Kwanza vya Dunia, washirika waliiahidi zawadi, na mwaka 1925 Uingereza ikatoa Jubaland. Kismayu ikaondoka kwenye ramani ya Kenya. Mwaka uliofuata, mkoa wa Rudolf ukatolewa Uganda ukaletwa Kenya, na Waturkana wa huko wakabadilisha koloni bila kuhama hata hatua moja.

Mwaka huo huo wa 1926 NFD ilitangazwa kuwa wilaya iliyofungwa. Huingii bila kibali, hutoki bila kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria ya wilaya maalum, iliyompa ofisa uwezo wa kuchora mipaka ya malisho ya kila kabila, kuwazuia watu wasitoke nje ya mipaka hiyo, na kukamata mifugo ya kabila zima kwa kosa la wachache. Wakachora hata mstari wa kuwatenganisha Wasomali na Waborana, waliowaita kwa jina ambalo leo Waoromo wanalihesabu tusi. Ukivuka na ng'ombe, ng'ombe wanachukuliwa.

Isiolo yenyewe ni zao la toleo hili. Mji ulikua kama kituo cha utawala na mahali pa kuweka mifugo karantini kabla ya kuteremshwa sokoni. Askari wa Kisomali waliopigania Uingereza katika vita vya kwanza, wengi wao Waisaaq na Waharti, walipewa nafasi ya kukaa hapa. Miaka ya mwanzo ya 1930 serikali iliwahamisha Waborana kutoka Wajir, walikokuwa wakisukumana na Wasomali juu ya visima, ikawaleta bonde la Mto Waso. Ndiyo maana mpaka leo wanaitwa Waborana wa Waso, na ndiyo maana wako mbali na ndugu zao wa Marsabit na Uhabeshi. Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasakuye, kila jamii ilifika au ilikutwa, na mji ukawa na lugha sita sokoni.

Isiolo ikawa makao makuu ya NFD nzima na pia mlango wake. Kaskazini mwa mji kulikuwa na kizuizi barabarani. Huku ni Kenya ya mashamba na reli, kule ni kijivu.

Toleo la 1963

Uhuru ulipokaribia, swali likawa rahisi kuuliza na gumu kujibu: NFD ibaki Kenya au iungane na Somalia, iliyokuwa imepata uhuru 1960? Mwaka 1962 Uingereza ikatuma makamishna wawili, Mnigeria G.C.M. Onyiuke na Meja Jenerali wa Kanada M.P. Bogert. Walizunguka wakafanya mabaraza. Chama cha NPPPP kilitaka kujitenga, wengine wakasimama upande wa Kenya, na Isiolo ilikuwa na watu wa pande zote mbili. Makamishna waliripoti kwamba katika sehemu kubwa ya eneo wengi walitaka kwenda Somalia.

Machi 1963 jibu la Uingereza likatoka, na lilikuwa jibu la mchora ramani. NFD ikavunjwa. Garissa, Wajir na Mandera zikawa mkoa wa saba, Kaskazini Mashariki. Isiolo, Marsabit na Moyale zikaunganishwa na Meru, Embu, Kitui na Machakos zikaitwa Mashariki. Fikiria hilo kidogo. Mborana wa Merti na Mkamba wa Machakos, mkoa mmoja, makao makuu Embu. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huo huo.

Juni 1963, miezi sita kabla ya bendera kupandishwa, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa karibu na Modogashe pamoja na chifu mkuu wa Waborana, Haji Galma Dido. Kama umewahi kupita Wabera Street katikati ya Nairobi ukienda kutafuta matatu, jina ni lake. Wengi wetu tunalitamka kila siku bila kujua kwamba mwenyewe alikufa kwa sababu ya ramani.

Desemba 1963 hali ya hatari ikatangazwa, na vita ambavyo serikali iliviita vya shifta vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Kenneth Kaunda. Isiolo haikuwa katika mkoa wa Kaskazini Mashariki kwenye karatasi, lakini vita havikusoma karatasi. Watu walikusanywa kwenye kambi zilizozungushiwa ulinzi, pamoja na mifugo yao, huko Garba Tulla, Merti na Modogashe. Mifugo iliyokatazwa kutembea ilikufa. Wasakuye, watu wa ngamia, walibaki bila ngamia. Waborana wa Waso wanauita wakati huo Gaafa Daaba, siku za kusimamishwa. Mfugaji akisimamishwa, hana tena kazi wala chakula, na familia nyingi ziliingia mjini wakati huo zikiwa na nguo tu.

Kisha ikaja hatua ambayo mchezaji yeyote wa gemu za ramani ataitambua. Katika Europa Universalis kila kijimbo kina namba za kodi, uzalishaji na askari, na unaweza kuzipandisha kwa kulipa pointi. Jangwani gemu inakutoza zaidi. Kwa hiyo mchezaji mwenye akili anaweka pointi zake penye mvua na bandari, na jangwa analiacha lilivyo. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ulioweka mwelekeo wa uchumi wa Kenya huru, ulisema karibu vivyo hivyo: fedha za maendeleo ziwekwe palipo na ardhi nzuri, mvua, usafiri na watu walio tayari kupokea maendeleo, ndipo faida itasambaa. Kwenye gemu hilo ni hesabu. Kwa mtoto wa Sericho ni shule ambayo haikujengwa.

Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa yaliyotendeka kaskazini kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Isiolo ilitajwa humo kwa jina, pamoja na Marsabit, Tana River na Lamu. Kanuni za hali ya hatari zilizobaki ziliondolewa 1991. Kwa miongo yote hiyo lami ilikuwa ikiishia Isiolo, na msafiri aliyekuwa anateremka kusini alisema bila utani kwamba anaenda Kenya.

Toleo la 2013

Rudi sasa kwenye mwaka ule gemu ilipotoka. Machi 2013 Kenya nayo ilizindua ramani mpya: uchaguzi wa kwanza wa kaunti 47 chini ya Katiba ya 2010. Mei, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi rais ripoti yake, na mateso ya kaskazini yakawa kwenye kumbukumbu rasmi za taifa. Agosti, vijana wa Stockholm wakatoa ramani yao. Miezi sita, ramani mbili na kitabu cha makosa.

Ugatuzi ulileta mambo ya maana. Kwa mara ya kwanza bajeti ya Isiolo inajadiliwa Isiolo. Barabara ya lami ilifika Moyale, zaidi ya kilomita 500 kaskazini. Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, uliupa mji nafasi katikati ya mchoro: barabara, bomba la mafuta, reli, jiji la utalii. Uwanja wa ndege ukafunguliwa 2017. Mahali palipokuwa mwisho wa lami pakawa njia panda, angalau kwenye mchoro.

Lakini waandishi wa Katiba hawakuchora mipaka upya. Walichukua wilaya zilizotajwa katika sheria ya mwaka 1992 wakazigeuza kuwa kaunti, na wilaya hizo zilikuwa zimebeba mistari ya wakoloni na ya 1963. Maadamu ardhi ilikuwa ya mifugo tu, mstari kati ya Isiolo na Meru ungeweza kuyumba bila mtu kufa. LAPSSET ilipoingia, kila ekari ikapata bei. Uwanja wa ndege wenyewe umekaa juu ya mpaka unaogombaniwa. Ngaremara na Gambella ni majina unayoyasikia kwenye habari kila mvutano unapopanda. Kila upande unakuja na ramani yake, na kila ramani ni halali ya mwaka fulani.

Wachezaji wanalijua tatizo hili kwa jina lingine. Studio ikisasisha ramani, mchezo uliouhifadhi kwenye toleo la zamani mara nyingi haufunguki sawasawa kwenye jipya: majeshi yanapotea, mipaka inaruka. Dawa yake ni rahisi. Unarudisha kompyuta kwenye toleo la zamani, unamaliza mchezo wako, ndipo unasasisha. Isiolo haina hiyo nafasi. Hapa matoleo yote yanaendeshwa kwa wakati mmoja. Mzee ana haki ya maji ya kabla ya 1907. Mpwa wake aliulizwa maswali ya ziada alipoenda kuchukua kitambulisho kwa sababu ya 1963. Kaunti inadai mpaka wa sheria ya 1992. Mwekezaji ana mchoro wa LAPSSET.

Ramani inayotembea

Kuna ramani moja ambayo haijawahi kupata rangi kwenye hesabu hii. Waborana wa Waso wana utaratibu uitwao dedha. Wazee wa dedha ndio huamua malisho ya kiangazi yafungwe lini, mifugo ya maziwa ibaki wapi, wageni waliokimbia ukame wapokewe kwa masharti gani. Kila kisima kina msimamizi wake wa zamu za kunywesha, abba herega. Na juu ya yote hayo, Waborana wana mkutano mkuu, Gumi Gaayo, unaokaa upande wa Ethiopia kila baada ya miaka minane kupitia sheria upya. Yaani jamii iliyoachwa kijivu ilikuwa na ratiba yake ya masasisho karne nyingi kabla ya kompyuta.

Miaka ya mwanzo ya 2010, katika miradi ya kupanga malisho ya Isiolo, wazee hao walikaa mbele ya picha ya setilaiti ya Google Earth iliyotupwa ukutani. Hawakuhitaji kufundishwa kusoma ramani. Walionyesha kisima, njia ya chumvi, kichaka cha kiangazi, mahali mto unapofurika, na fundi akaviweka mahali pake kimoja kimoja. Kilichopatikana ni tofauti na ramani zote zilizotangulia. Mistari yake mingi ni njia, na majira yamo ndani yake: hapa ni pa mvua, hapa ni pa kiangazi, hapa ni pa ukame mkali tu, msiguse.

Ramani kama hiyo ina kazi ya kufanya sasa hivi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inairuhusu jamii kusajili ardhi yake kwa jina lake, na usajili unataka mipaka. Ukiipeleka ofisini ramani ya uzio pekee, utapata hati, na hati hiyo itafunga njia ambayo jirani huitumia mwaka wa ukame. Ukipeleka ya dedha, ofisi inabidi ijifunze kusajili njia na msimu. Kazi hiyo ni ngumu, ya mikutano mirefu na wanasheria, na Wasamburu na Waturkana wanaopitia nchi hiyo hiyo nao lazima wawe mezani, la sivyo tutakuwa tumerudia 1907 kwa mikono yetu wenyewe.

Paradox ilihitaji miaka minane kutoka kijivu hadi pakiti la Origins, na hao walikuwa wanacheza tu. Sisi tuna bomba, reli na jiji la utalii kwenye mchoro, na kila kimoja kitachora mstari wake juu ya njia ya mifugo ya mtu. Kwa hiyo mkisikia kuna mkutano wa hadhara kuhusu mipaka au matumizi ya ardhi Isiolo, wasee, nendeni. Ulizeni ramani iliyotandazwa mezani ni ya mwaka gani, na ni nani alikuwepo ilipochorwa.